Waliopanda Lirhanda Bila Mimi

Kambini
Jumapili, 20 Julai 2025

Baba Mitchel,

Usishtuke kupokea barua kama za enzi za wazazi wetu. Simu zetu zilichukuliwa siku ileile tulipoingia, zikafungiwa kabatini, na hatutaziona hadi Desemba tukimaliza mafunzo. Tuliyoachiwa ni kalamu. Barua tunagawiwa Jumamosi baada ya kwata, kwa hiyo Jumamosi usinikoseshe.

Mimi ni mzima. Nimekonda, nywele zimenyolewa zote, buti zimenichubua visigino, na afande mmoja ananiita Mama Wawili kwa sababu bweni zima mimi pekee nina watoto. Kwenye kitanda cha chini yangu analala Chebet wa kutoka Kapsabet, msichana mzuri ila anakoroma. Bado hakuna aliyegundua kwamba huyu askari wa misitu anaogopa jongoo. Nikichoka najikumbusha kwamba nikimaliza naweza kupangiwa msitu wetu wenyewe hapo nyumbani, basi nainuka nakimbia tena.

Joash bado anataka kubebwa? Mwambie miaka mitatu na nusu ni utu uzima. Mitchel asukwe na Adhiambo wa stejini, asiende kwa yule mwingine anayevuta nywele. Na wewe usilale kwenye mashine ya kusaga, unga utakuziba mapafu.

Jambo moja tu nakuomba. Lirhanda mniachie. Nilimwahidi Mitchel kwamba mimi ndiye nitakayewapandisha kilima hicho, siku nitakayorudi na sare yangu. Unajua mimi sikuwahi kutembezwa na mtu. Nililelewa na nyanya huko Kabras katikati ya miwa, na aliyenizaa aliniacha nikiwa na umri huuhuu wa Joash, akaenda bila kuaga. Mambo ambayo watoto wengine walifanyiwa na mama zao mimi niliyasikia tu shuleni. Kwa hiyo hicho kilima ni changu. Mkikipanda bila mimi nitajua, na sitafurahi.

Wako,
Nanjala


Shinyalu
Jumapili, 10 Agosti 2025

Kwa Mama mpendwa,

Hujambo Mama? Mimi sijambo. Joash hajambo ila ana mafua. Tumefunga shule.

Jana tulipanda Lirhanda. Nilimwambia Baba ulisema tukungojee, akasema utatusamehe. Mama ni mbali lakini ni kuzuri. Kwanza unapita kwa mapera, halafu kuna lile pango la dhahabu la zamani, ndani kumejaa popo, Joash akalia. Ukifika juu unaona msitu wote umefungana kama sukuma wiki iliyopandwa karibu karibu. Tuliona mbega wawili.

Tulienda na Anti Zuena. Anatoka Mumias. Mama huyo Anti ni mrembo, ana hina kwa mikono na hijabu ya maua, na ananukia vizuri. Alileta mahamri. Baba alivaa lile shati jeupe la kanisa na vile viatu vyake vyeusi, akapanda navyo kilima, vikaharibika. Asubuhi alichinja yule jogoo mwekundu. Nikauliza kama ni Krismasi, akaniambia nikae kimya.

Joash alichoka. Anti akamfunga mgongoni na leso, akalala mpaka tukafika chini. Siku hizi anaulizanga Anti atakuja lini.

Baba amesema nisikuandikie habari ya Anti, atakuambia mwenyewe. Lakini wewe ulisema watu wa nyumba moja hawafichani. Barua hii nampatia Adhiambo aipeleke Posta kwa sababu Baba yuko kwa mashine.

Mtoto wako,
Mitchel


Kambini
Jumapili, 17 Agosti 2025

Wesley,

Leo sikuiti Baba Mitchel. Nimepata habari zenu za kilimani. Usiulize zimetoka wapi, na ukimgusa mtoto utanitambua.

Niliomba kitu kimoja. Sikuomba pesa wala simu, niliomba kilima. Wewe ukakichukua ukampa mwanamke wa Mumias.

Shati jeupe lile nililinunua mimi, kwa ubatizo wa Joash. Miaka tisa nimekaa na wewe, tukienda soko la Shinyalu unavaa fulana iliyojaa unga, nikikwambia badilisha unaniuliza tunaenda kuonana na gavana? Leo umelivaa kwa kupanda mlima. Na viatu vyeusi. Na jogoo mwekundu, ambaye mamako mwenyewe alipokuja Pasaka ulimnyima, ukampa maharagwe.

Nina wivu, Wesley, na sioni haya kuuandika. Jana nimelala nao usiku kucha. Mimi hapa nina kichwa kama yai na visigino vinavyovuja damu, nakimbia na gogo begani ili watoto wako wapate karo, na huko kuna mtu mwenye hina anayenukia vizuri. Hata Chebet hakukoroma, nadhani alinisikia nikigeuka.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonikaba ni Joash. Amelala mgongoni mwa nani? Mtoto halali ovyo kwenye mgongo asioujua. Ina maana ameshauzoea. Ina maana huyo mtu si mgeni nyumbani kwangu.

Nijibu kwa maneno ya kueleweka. Ni nani, anataka nini, na alianza kuja lini. Nisipopata jibu natoka kwenye geti hili, na ukitoka hapa hawakurudishi. Sare nitaiacha, ajira nitaiacha. Afadhali nikose kazi kuliko nirudi Desemba nikute watoto wangu wana mama mwingine.

Nanjala


Shinyalu
Jumamosi, 23 Agosti 2025

Mama Mitchel,

Tafadhali usitoke kwenye hilo geti. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama na wateja, mahindi ya watu yakasagika mara mbili.

Nakuapia kwa jina la watoto wetu, hakuna unachokifikiria. Huyo mama namheshimu mno. Sijawahi kumgusa hata mkono. Hata kumtazama usoni siwezi. Akiwa hapa mimi sipati raha hata kidogo, na akiondoka ndipo ninapumua. Sasa huyo ni mpenzi wa aina gani?

Ni nani, siwezi kuandika. Nimetoa ahadi mbele ya mtu mzima kwamba hutayasikia kutoka kwangu, wala kwa karatasi. Utayasikia Desemba, uso kwa uso, kutoka kwake mwenyewe. Najua hili litakuudhi zaidi. Lakini nakujua, Nanjala. Ningekuambia mwezi wa saba, ungeruka ua usiku uleule. Nilitaka umalize kwanza. Umeitaka hiyo kazi tangu tuoane.

Kuhusu kilima, hapo umenishika, sina la kujitetea. Aliomba atembee na watoto mahali pasipo na macho ya majirani, na mimi nikashindwa kumkatalia. Siku zote nashindwa kumkatalia.

Shati limefuliwa. Viatu vimekwisha.

Ni mimi wako,
Wesley


Kambini
Jumamosi, 30 Agosti 2025

Mwanangu Mitchel,

Asante kwa barua yako, imeandikwa vizuri kuliko za baba yako. Hii naituma kwa Adhiambo, nawe mpe yeye majibu. Ni siri yetu sisi wasichana. Si siri mbaya.

Nimefurahi kwamba mlitembea. Sijakasirika hata kidogo. Nataka tu unisimulie tena ile siku, polepole, kama unavyomsimulia mwalimu wako habari za likizo. Baba alikuwa akitembea wapi, na Anti wapi? Walikuwa wakiongea nini? Walicheka? Mlipokula mahamri, nani aliketi karibu na nani? Na nyumbani, huyo Anti akija, hukaa wapi?

Andika kila unachokumbuka hata kama ni kidogo. Mama anapenda hadithi.

Mama yako


Shinyalu
Jumamosi, 6 Septemba 2025

Kwa Mama,

Nimeandika kwa penseli kwa sababu Joash ameficha kalamu.

Mama hiyo siku Baba alikuwa mbele sana, hata tulikuwa hatumwoni. Ukimwita anajibu tu kutoka kwa miti. Yeye na Anti hawaongeangi. Kama Baba anataka kusema kitu ananiambia mimi, "Mwambie mgeni njia ina utelezi," na Anti amesikia kabisa kwa sababu ako hapo, lakini ananingoja nimwambie. Halafu Anti anasema, "Mwambie baba yako asante." Mimi nilichoka kuwa simu.

Kuna mahali njia ni nyembamba. Baba alikuwa anarudi kuona kama tuko sawa, akakutana na Anti. Mama, Baba aliruka kwa mtaro. Mtaro uko na maji. Akasimama humo akiangalia upande ule mwingine mpaka Anti akapita. Ndipo viatu viliharibika. Nilicheka sana, akanikemea.

Joash alipochoka Baba ndiye alikuwa amembeba. Anti akasema, mwambie nitambeba. Baba hakumpatia kwa mkono. Alimweka Joash juu ya jiwe akaenda mbali, halafu Anti akamchukua kutoka kwa jiwe. Mahamri tulikula na Anti huku juu na Baba alikula peke yake nyuma ya mti. Jogoo pia ni hivyo. Anti alikula ndani na sisi, Baba akakula kwa mashine.

Anti hajawahi kulala kwetu. Hulala kwa kina mama Oliver kule sokoni, na hurudi Mumias asubuhi. Mara ya kwanza aliletwa na yule mjomba wako Phineas.

Aliniuliza kama wewe bado unaogopa jongoo. Nikasema ndiyo. Akacheka, halafu akafuta macho na hijabu.

Nimemaliza.
Mitchel


Kambini
Jumamosi, 13 Septemba 2025

Baba Mitchel,

Begi langu lilikuwa limefungwa. Nilimwambia Chebet achukue sabuni yangu na sufuria, mimi naondoka Jumatatu. Halafu ikaja barua moja ya penseli.

Mwanamume haruki mtaroni kumpisha mpenzi wake. Hamwekei mtoto juu ya jiwe. Hali peke yake nyuma ya mti kama mwizi, akiwa amevaa shati la kanisa. Nimeisoma nikicheka, nikijiambia huyu mjinga anamkwepa huyu mama utadhani ni mama mkwe wake, ambaye kwetu hatazamwi usoni. Nikaendelea kusoma nikicheka. Nilipofika kwa mjomba Phineas sikucheka tena, na nilipofika kwa jongoo niliketi chini.

Jongoo aliniingia kwenye nguo nikiwa mdogo kabisa, kabla sijapelekwa kwa nyanya. Aliyenivua ile nguo ni mtu mmoja tu.

Ni mama yangu. Sasa hujavunja ahadi, nimejua mwenyewe.

Nilidhani nikijua ukweli wivu utaisha. Wesley, umeongezeka. Wa kwanza ulikuwa wa mwanamke na mume wake, huo hata majirani wangeuelewa. Huu sijui nitamweleza nani. Nawaonea wivu wanangu. Mitchel ana miaka minane na tayari ameulizwa maswali na mama yangu, amepewa mahamri kwa mkono wake. Joash amelala mgongoni mwake kilima kizima. Mimi huo mgongo siukumbuki. Nimejaribu usiku kucha. Nakumbuka uso wa jongoo, wa mama siuoni.

Niliapa mbele yako kwamba hatakanyaga boma langu. Wewe ukamchinjia jogoo. Nikitaka kukukasirikia nakuona umesimama kwenye maji na viatu vya harusi yetu, hasira inanipotea. Lakini sijakusamehe kuhusu kilima.

Begi nimelifungua. Sitoki. Mwambie, kupitia kwa Mitchel kama ilivyo desturi yenu, kwamba najua. Kama ana neno aandike. Asiandike marefu.

Nanjala


Mumias
Jumapili, 21 Septemba 2025

Kwa Nanjala,

Assalaam aleikum. Umesema nisiandike marefu, nami sina haki ya marefu.

Usimlaumu mkwe wangu. Nilimwomba, mimi na kaka yangu Phineas, aniachie nikwambie mwenyewe. Nilitaka unione usoni ukinikataa, si kunikataa kwa karatasi. Wewe ukawa umeondoka kwenda mafunzoni, nami nikawa nimeshawaona watoto. Nikashindwa kungoja. Hilo ni kosa langu, wala si lake.

Niliolewa huku na marehemu Osman. Alinipa jina hili na nyumba nzuri, na hakujua kamwe kwamba nina mtoto. Nilimficha hadi alipofariki mwaka jana. Baba yako alikufa nikiwa na miaka ishirini na moja, na watu wa boma wakataka nirithiwe na mtu niliyemwogopa. Nilikimbia alfajiri. Nilikuwa nimekubeba, tukafika kwenye miwa, ukaanza kulia, nikajua watatusikia. Nikarudi nikakuweka mlangoni kwa nyanya yako. Sikukuaga kwa sababu ungelia zaidi. Hayo ndiyo yaliyotokea. Sikuandikii ili unihurumie, nakuandikia ili usiyasikie kwa mwingine.

Siku ile kilimani sikutaka kumbeba Joash. Niliogopa. Lakini alikuwa amechoka, na baba yake alikuwa ametembea kwa tabu na vile viatu. Nilipomfunga mgongoni na leso nikaujua. Ni uzito uleule, Nanjala. Ni uzito uleule nilioutua mlangoni. Mitchel aliniuliza mbona natembea polepole hivyo, nikamwambia njia ina utelezi.

Sitakanyaga kwenu tena hadi useme. Ukisema nisije, sitakuja, na watoto utawaambia Anti amesafiri.

Mimi,
Zuena
(aliyeitwa Nasimiyu)


Kambini
Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Kwa Zuena, au Nasimiyu. Sijui nikuite nani. Lile jina lingine bado halitoki mkononi.

Barua yako nimekaa nayo wiki moja. Nimekimbia nayo mfukoni, imelowa jasho, lakini inasomeka.

Nilitaka kukujibu vibaya. Nilikuwa na maneno mazuri kabisa ya kukuumiza, niliyaandaa tangu nikiwa msichana wa shule. Halafu nikafika pale ulipoeleza uzito, na sikuyaona tena yalikokwenda. Usidhani yameisha. Siku nyingine nitayapata na utayasikiliza yote, na hutanikatiza.

Tunamaliza katikati ya Desemba. Jumamosi inayofuata nitapanda Lirhanda na wanangu, kama nilivyowaahidi, na sare yangu. Mitchel anasema tayari anaijua njia, jambo ambalo bado linaniudhi. Wesley atakuwa mbele kwenye miti, na nitamnunulia viatu vya mpira kwa ajili ya mtaro. Njoo. Mahamri leta, kwa kuwa nimesikia sifa zake kwa kila mtu na mimi peke yangu sijayaonja.

Nina masharti mawili. La kwanza, utatembea nyuma yangu. Usitangulie. Mara ile ulitangulia na sikukuona tena. Safari hii mbele nitakuwa mimi, na kila nitakapogeuka nikukute hapo, hata nikigeuka mara mia.

La pili, usimbebe Joash. Atalia, atakunyoshea mikono, najua anavyofanya. Mwache atembee, au apande mgongoni mwangu. Mgongo wako siku hiyo uwe mtupu, kuanzia kwenye mapera hadi kule juu. Sitaomba unibebe, mimi ni mzito sasa na nina buti. Nataka tu usiwe na mtu mwingine juu yake nikiwa pale.

Nanjala